Moteri Isiyovuta

Moteri ya boti ya baba ilikaa chumbani kwa wazazi wangu, hatua chache kutoka kitandani, tangu ziwa lilipofungwa. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, na wavuvi hufungua moteri zao na kuzihifadhi. Wengine huzipeleka kwa ndugu zao mjini, Ngagara au Bwiza. Baba hakutaka yake itoke nyumbani. Kwetu ni Gatumba, kando ya ziwa, na maji yalishatutia adabu: yaliwahi kuingia hadi sebuleni, yakakaa kama mgeni asiye na haya, yakaondoka na godoro. Kwa hiyo moteri ilipandishwa juu ya meza na tanki likasukumwa chini yake, likiwa na mafuta nusu. Mafuta siku hizi yanasakwa Bujumbura nzima. Hakuna mwenye akili anayeacha tanki uani.

Lakini baba alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alikohoa humo humo, akiitazama moteri yake, na chumba kizima kikinuka petroli. Nilimwomba mama aiondoe. Alinijibu kwamba yeye ndiye anayeulizwa na baba kila asubuhi kama iko salama, si mimi. Baba akafariki kabla ziwa halijafunguliwa.

Mama akaingia eda. Akavaa nguo nyeupe, akakaa ndani, na wanaume wa ukoo wakaamua mambo sebuleni. Waliamua kwamba eda ikiisha mama atahamia kwangu mjini, na kwamba moteri iuzwe pamoja na boti. Mvuvi mmoja wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, alikuwa tayari kuvichukua, ila kwa sharti moja: moteri iwe na nguvu zake zote. Ikiwa mbovu, hana haja nayo. Mama alisikiliza akiwa nyuma ya pazia. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, kisha nikakubali, kwa sababu ile nyumba ilikuwa haikaliki tena kwa mafuriko.

Kazi ya kuijaribu moteri tuliachiwa mimi na baba mdogo. Yeye ni mdogo wake baba, fundi wa magari Bwiza, na anayaogopa maji waziwazi. Mimi baba alinifundisha moteri tangu nikiwa msichana, maana hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuwa na subira ya kungoja wakwe. Tukaisukuma boti majini. Nikavuta kamba, ikawaka bila kubembelezwa. Tuliondoka vizuri, pua ya boti imeinuka. Tulipopita matete sauti ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikabaki inaguna tu, kisha ikazima.

“Haivute,” baba mdogo akasema.

Kwetu ndivyo tunavyosema. Moteri nzima inavuta. Ikipoteza nguvu, haivuti. Neno hilo hilo ndilo muuguzi alilomwambia baba kila alipomwekea mikono mgongoni: vuta, mzee, vuta tena. Nilitamani baba mdogo angetumia neno jingine.

“Ni esansi hii ya magendo,” akaendelea. “Watu wanatia maji mule. Ngoja.”

Akafungua mfuniko wa tanki, akainusa petroli, akachovya kidole, akakunja uso, akafunga. Nikavuta kamba. Ikawaka, tukaenda kwa nguvu, na mbele kidogo ikafanya vilevile. Tukarudi ufukweni kwa kasia, yeye akilalamikia viatu vyake.

Mama alitusikia mlangoni.

“Bado?”

“Bado, mama.”

“Aya, njooni mule kwanza.”

Alikuwa ametupikia ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na ugali, na ndagala wenyewe walikuwa wamekaangwa kama alivyopenda baba. Tangu msiba sikuwa nimemwona akipika kwa moyo namna ile. Nilifurahi kumwona hivyo, nikafikiri anaanza kupoa.

Siku zilizofuata tuliisumbua ile moteri bila huruma. Tulibadilisha bujii, ile plagi ya kuwashia. Tulifungua kabureta na kuisafisha kwa mswaki. Tulikagua mpira wa mafuta wote, tukatafuta ufa, hatukuuona. Na kila ilipozima, baba mdogo alifungua mfuniko, akanusa esansi yake kama mpishi, akafunga, na moteri ikawaka tena kwa muda mfupi. Alianza kuamini kwamba pua yake ina baraka. Nyumbani mama aliuliza “Bado?” na sisi tukajibu “Bado,” naye akatupakulia.

Siku moja, boti ikiwa imesimama karibu na matete, nililishika tanki lisiyumbe wakati anafungua. Nikasikia sauti ndogo, fyuu, hewa ikikimbilia ndani. Nikatazama pampu ya mkono, ile ya mpira inayosukuma mafuta. Ilikuwa imebonyea kabisa, na palepale ikajaa. Nikaona aibu, maana hili baba alinionyesha kabla hata sijajua kuogelea. Tanki lisipopata hewa halitoi mafuta. Kila tulipofungua kulinusa tulikuwa tunalipa hewa, na tukifunga tunalinyima.

Nikamwomba baba mdogo mfuniko, nikaugeuza. Una tundu dogo juu, la hewa. Skrubu yake ilipotea zamani na baba aliliacha wazi. Sasa tundu lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya bluu ya kufulia, imekauka ngumu, na juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba. Mji huu wote unajua sabuni: tanki la gari likivuja, dereva anaziba na sabuni na safari inaendelea. Lakini hakuna anayeziba tundu la hewa, isipokuwa mtu ambaye shida yake si mafuta kumwagika bali ni harufu.

Sikumwambia baba mdogo. Nilibaki na mfuniko, nikafunika tanki kwa kitambaa, nikasema nimechoka, turudi.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. “Bado?” akauliza. Nikauweka mfuniko mbele yake.

“Ile harufu ilikuwa inamukaba,” akasema. “Kutoa tanki alikataa. Nikaona nizibe, apate kuvuta pumzi kidogo.”

“Ulifanya vizuri, mama.”

“Na akalala siku ile. Alilala mpaka alfajiri.”

Nikamwuliza, polepole, kwa nini hakutuambia siku zote tulizokuwa tunahangaika. Akavuta mtandio wake mweupe akajifuta macho.

“Mi nilikuwa nawasikia munasema haivute. Nikasema, Mungu anisamehe, nikinyamaza mutachoka, itarudi kwenye meza yake. Nguo zake mumegawa. Kitanda mumetoa. Ikienda ile, iko nini ya mutu wangu humu ndani?”

Nilimwambia nitaurudisha mfuniko kama ulivyo, na baba mdogo aendelee kulaumu esansi mpaka mnunuzi akate tamaa. Nilimaanisha. Ningedanganya ukoo mzima siku ile bila kupepesa.

“Apana, mama,” akaniambia. Huniita hivyo akitaka nimsikilize. “Moteri ya baba yako watu wasiseme ni mbovu.”

Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaanza kuichokoa sabuni mwenyewe, punje kwa punje, akiziweka kwenye kiganja. Alipomaliza alipuliza kwenye tundu, akaniwekea mfuniko mkononi. Zile punje alizifunga kwenye ncha ya mtandio.

Mvuvi wa ng'ambo alikuja wiki ile ile na kuivusha boti mwenyewe. Nilibaki nyumbani na mama, kwa kuwa eda haikumruhusu kwenda ufukweni na sikutaka asikilize peke yake. Tulikaa uani. Tuliisikia ikiwaka, tukaisikia ikishika kasi, na wote wawili tukajua inapofika matete. Mama aliinua kidole ili ninyamaze, ingawa sikuwa nasema kitu.

Sauti haikushuka. Ilipita, ikaenda mbali, ikawa nyembamba, mpaka hatukuweza kuitofautisha na upepo.

“Inavuta,” mama akasema, kisha akalia.