Maneno Aliyoyaokota Bibi

Mwaka ule nilikuwa muuguzi msaidizi katika makao ya wazee kusini mwa Stockholm, na nilikuwa nimeamua kuwa muuguzi kamili. Msaidizi ndiye anayeogesha, anayelisha, anayegeuza watu kitandani na kubadilisha pampasi. Muuguzi kamili ndiye mwenye funguo za kabati la dawa, ndiye anayempigia daktari simu, na akisema jambo linaaminiwa. Ili niruhusiwe hata kuomba nafasi chuoni, ilinibidi kwanza nirudi shule ya watu wazima nikamalize hisabati, sayansi na Kiswidi cha ngazi ya mwisho ya sekondari.

Muuguzi wetu wa mchana alikuwa Mkenya. Alikuja Sweden akimfuata mume aliyekuwa akisoma, akajifunza lugha, akapita njia ileile niliyotaka kuipita mimi. Kiswidi chake kilikuwa kizuri hadi wenyeji wenyewe walimpa barua zao awasahihishie. Nilimwita dada. Nilipoandikishwa darasani nilimwendea na kumwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikuwa akipanga vidonge kwenye vikopo. Hakuinua macho.

"Nesi," alisema. "Wewe."

"Ndiyo, dada. Naomba ushauri. Nianze na sayansi au nianze na Kiswidi?"

"Anza na kioo. Jiangalie kwanza."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa watani. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo akawa na namna mbili za kusema nami. Mbele ya wenzetu alisema Kiswidi, mkono begani kwangu, akiniita ndugu yake. Kisha, kwa sauti ileile ya asali na bila kubadilisha uso, alihamia Kiswahili.

"Ati nesi. Wewe utapanguza watu matako mpaka uzeeke. Hakuna siku utashika sindano."

Nakumbuka mara ya kwanza. Ilikuwa saa ya kahawa, na mwenzetu mmoja Mswidi alikuwa akikata keki. Akatutazama kwa furaha kabisa.

"Inapendeza kuwasikia," alisema. "Mna bahati kuwa na lugha yenu. Amekuambia nini?"

"Ananitakia heri ya masomo," nilijibu.

Sikuwa na jibu lingine. Ili nimshitaki ingenibidi niyatamke maneno yale mwenyewe, kwa Kiswidi changu cha kuchechemea, mbele ya keki, na kuyatamka kungekuwa kutukanwa mara ya pili.

Aligundua mapema kwamba sitasema. Akazoea. Nikiwa nimeinama namvisha mzee soksi, alisimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili nitaje vali za moyo. Nikikosea moja alicheka, na waliokuwa karibu walicheka pamoja naye kwa sababu kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza. Siku moja niliandika kwenye kumbukumbu za zamu kwamba mgonjwa amekojoa vizuri, lakini nikakosea herufi moja, na kwa Kiswidi herufi hiyo hugeuza kukojoa kuwa kubusu. Aliisoma kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Alipomaliza kufuta machozi ya kicheko akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, polepole, "Na hii ndiyo itapewa morfini ishike."

Nilipanga chumba katika kitongoji cha Fittja kwa mama mmoja wa Kiganda, Mwislamu, aliyefika nchi hii akikimbia vita vya kwao. Nilipomsimulia, hakushangaa.

"Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari," alisema. "Mimi nilikijua kwa kutukanwa nacho kwenye vizuizi vya barabarani. Mpaka leo mtu akikisema nyuma yangu, shingo inakaza."

Nilichukia kusikia hivyo. Nimezaliwa Singida, ambako Kiswahili ni cha shule, cha sokoni na cha kanisani. Sikutaka kumwelewa, lakini baada ya miezi michache shingo yangu nayo ilianza kukaza kila nilipozisikia ndala za muuguzi kwenye korido.

Chumba cha mwisho kwenye korido hiyo kilikuwa cha bibi mmoja aliyezaliwa na wamisionari magharibi mwa Tanzania. Alilelewa na yaya wa huko, akarudi ukubwani kufanya kazi, akazalia huko. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla. Ulianza kwa yale aliyojifunza mwisho, ukashuka, na chini kabisa ya Kiswidi chake ukakuta Kiswahili. Wenzetu walidhani anaropoka. Mimi nilimsikia akiomba uji.

Nilimpenda. Nilipokuwa nikimlisha nilimsomea masomo yangu kwa Kiswidi, sehemu za figo, hatua za mmeng'enyo, naye aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Muuguzi alipoingia na dawa alijiona yuko huru, kwa kuwa chumbani hamkuwa na mtu mwingine ila mimi na mgonjwa asiyejua hata yuko nchi gani. Alinitukana mle kuliko mahali pengine popote. Bibi alifungua mdomo apokee kidonge, macho yake ya buluu yakimtazama muuguzi midomoni.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha bibi, nikamgeuza upande, nikaweka kitambaa, naye akasema kwa sauti safi:

"Utapanguza watu matako mpaka uzeeke."

Hata mwendo wa sauti ulikuwa ule wa muuguzi. Nilisimama na kitambaa kikidondosha maji sakafuni.

"Bibi, usiseme hivyo."

Akatabasamu. Aliona amenigusa, na ni nadra watu kama yeye kuona kwamba wamemgusa mtu. Kwa hiyo akarudia. Tangu hapo kila kitambaa kilipomfikia aliyasema, kwa furaha, kama mtoto aliyefundishwa wimbo. Baadaye akaongeza "kichwa maji" na "bure kabisa."

Nilimwendea muuguzi. "Dada, bibi anayarudia maneno yako."

"Basi mfundishe mengine," alisema, akafunga kabati.

Bibi alikuwa na binti mmoja, mtu mzima wa kuelekea kustaafu, aliyeishi kaskazini na kuja mara chache. Alifika siku ambayo hatukumtarajia. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo na mama yake alikuwa akiyasema yote, moja baada ya jingine, huku mimi nikimsuuza. Nilipogeuka nilimwona amesimama na koti lake la baridi.

"Nani amemfundisha mama yangu matusi haya?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha bara, kilichonyooka kuliko cha watu wengi ninaokutana nao hapa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba naye alikulia kule.

Hakusubiri jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

Kesho yake tuliitwa sote watatu, mimi, muuguzi na binti. Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mpole. Mezani aliweka karatasi laini za kufutia machozi kabla mtu yeyote hajalia. Muuguzi alianza, kwa Kiswidi, kwa masikitiko.

"Sitaki kumharibia," alisema. "Amechoka. Anasoma na kufanya kazi, na kichwa kina mwisho wake. Lakini ndiye anayemwogesha kila asubuhi."

"Ni yeye," nilisema. "Maneno ni yake. Alikuwa akiniambia mimi."

"Lakini anakuita ndugu yake," alisema mkuu. "Nimemsikia mwenyewe, mara nyingi."

Kiswidi changu, ambacho darasani kilikuwa kimeanza kusimama kwa miguu yake, kililala chini. Nilijaribu. Nilisema kwamba bibi anasema kupanguza, na ndivyo wasemavyo Wakenya. Kwetu tunasema kufuta. Nilisema mwendo wa sauti si wa kwetu. Nilijisikia nikieleza na nikaona jinsi inavyosikika: kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Kiswahili ni Kiswahili," alisema mkuu kwa upole. "Sisi hatuwezi kupima jambo kama hilo."

Nilimtazama binti wa bibi. Yeye aliweza kulipima. Alikuwa akitazama viatu vyake, vile vifuko vya plastiki ya buluu wanavyovaa wageni juu ya viatu. Hakuinua uso.

Ikaamuliwa nihamishiwe huduma ya majumbani, Norsborg, kuanzia wiki iliyofuata. Walisema ni kwa faida yangu pia, nipate utulivu wa kusoma. Muuguzi alinikumbatia mlangoni mbele yao. Karibu na sikio langu hakusema chochote safari hii. Hakuwa na haja.

Binti alinifuata mpaka kwenye lifti.

"Dada, samahani," alisema kwa Kiswahili. "Najua si wewe. Kuhusu lile neno umesema kweli."

"Kwa nini hukusema mle ndani?"

"Mama yangu anabaki hapa. Huyu ndiye anayempa dawa. Mimi nakaa mbali. Wewe unaondoka."

"Naondoka kwa sababu hukusema."

"Ndiyo," alisema.

Hakulia wala hakutafuta neno la kulainisha. Lifti ilipofika alinishikia mlango.

Siku yangu ya mwisho niliingia kwa bibi kumuaga. Alikuwa ameketi dirishani na blanketi magotini. Nilishika mkono wake, nikamwambia kwaheri, nikasubiri aseme anachosema siku zote. Hakukisema. Alinipapasa mkono.

"Yaya," alisema, "usichelewe kurudi."

Norsborg nilitembea nyumba hadi nyumba na kishada cha funguo mfukoni, nikiwavisha wazee soksi za kubana miguu na kuwapashia chakula. Kazini nilikuwa peke yangu, na upweke huo ulinifaa. Hisabati ilikwenda. Sayansi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kiswidi kilinishinda. Mtihani wa kuzungumza ni kusimama mbele ya darasa na kutetea hoja, na mimi nilipofungua mdomo nilisubiri mtu acheke. Nilisimama kila baada ya sentensi moja kusikiliza kama kicheko kimeanza. Darasa lilikuwa kimya, watu wema waliotoka kila pembe ya dunia, na ukimya wao haukunisaidia.

"Hoja zako ni nzuri," mwalimu aliniambia baadaye. "Lakini unazungumza kama mtu anayeomba radhi. Siwezi kukupitisha."

Nilirudia kozi nzima. Mara ya pili nilipita, kwa alama ya chini kabisa inayopitisha. Chuo kikaniweka kwenye orodha ya akiba, na kiangazi kilipokuwa kikiisha wakaniita.

Muhula wa kwanza nilikutana kwenye treni ya mstari mwekundu na yule mwenzangu wa zamani, mkata keki. Alifurahi kuniona. Aliniambia bibi amefariki na kuzikwa. Nilimuuliza kama binti alimwahi. Hakumwahi, theluji ilizuia treni za kaskazini.

"Lakini hakufa peke yake," alisema. "Muuguzi alikaa naye mpaka mwisho. Bibi alikuwa akisema na kusema kwa lugha yenu, na sisi hatukuelewa chochote. Muuguzi akatutafsiria. Alisema anaomba, anamshukuru Mungu. Tulilia sote. Akampigia binti simu akamwambia hivyo hivyo. Lilikuwa jambo zuri sana."

Nilimwambia kwamba ndiyo, ni zuri. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Mara ya mwisho nilimwona muuguzi Jakobsberg, kwenye sherehe ya Mkenya mmoja aliyemaliza shahada. Nyumba ilijaa watu wa Kenya, Uganda, Kongo na kwetu, masufuria ya pilau na watoto waliojibu kila kitu kwa Kiswidi. Mzee mmoja aliyesikia kwamba niko chuoni alinishika mkono akanipeleka mpaka alipokaa muuguzi.

"Huyu ndiye aliyekukazia," alisema. "Ametusimulia. Bila yeye ungekuwa wapi? Mshukuru."

"Nilikuwa namkazia tu," alisema muuguzi. "Mtu mwenye uwezo unamkazia. Yeye alidhani namchukia." Watu wakapiga makofi. Akasimama akaninyooshea mkono.

Nilikuwa nimeshika sahani kwa mikono miwili, na sikuiweka chini.

"Mimi sikumbuki hivyo," nilimwambia kwa Kiswidi.

Aliurudisha mkono wake, akawageukia wenzake.

"Mmesikia?" alisema. "Chuo hata hajamaliza, na tayari ni Mswidi."

Walicheka, na mzee aliyenileta alicheka zaidi ya wote. Nilimaliza chakula changu nimesimama karibu na jokofu, kwa sababu sikutaka ionekane nimefukuzwa. Kisha nikaaga mwenye sherehe na kwenda kutafuta viatu vyangu katika lile rundo la viatu mlangoni. Ilichukua muda, vyeusi vilikuwa vingi na vilifanana.

Jumatatu nilikuwa na mtihani wa kukokotoa dozi, ule ambao ukikosea swali moja umefeli. Kwenye treni nilipata kiti cha dirishani. Nilifungua kitabu, nikapiga hesabu ya dripu, nikaipata, nikaanza nyingine.