Mkwe Ninayemjua kwa Sauti

Usiku ule sikulala. Niliketi jikoni nikimsubiri binti yangu Felisita alete habari: mume wake ataendelea kufundisha, au atafunga darasa kwa sababu yangu?

Mume huyo anaitwa Method. Kwetu Bariadi mama mkwe hamtazami mkwewe usoni. Akija njia hii, wewe unashika ile. Miaka yote aliyoishi na mwanangu nilimjua kwa sauti na kwa kikohozi. Nilijua ametoka Sola, kwa wakulima wa pamba, na kwamba aliacha kazi ya ualimu serikalini. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na ghala la ushirika likabaki tupu, yeye alilikodi akaanzisha tuisheni ya Kiingereza.

Mimi niliuza karanga nyuma ya ukuta wa ghala lile. Watu walidhani nafuata wateja. Kiingereza nilikiachia darasa la nne, nikiwa na neno moja tu la kwenda: go. Kumbe Method alikuwa na maneno ya kwenda tele.

"Mlevi ha-go!" alipaza sauti. "Mlevi anafanyaje?"

"Stagger!"

"Mwizi wa kuku?"

"Creep!"

"Bibi mwenye goti bovu?"

"Limp!"

Nililitazama goti langu nikacheka peke yangu. Kila neno alilicheza kwa mwili. Nilisikia viatu vyake vikiburuta, vikinyata, vikiruka. Mimi nilimenya karanga huku midomo ikirudia.

Siku moja mvua ilishuka ghafla, nikakimbilia kibarazani, mlangoni kabisa. Ndani neno lilikuwa crawl. Mlango ukasukumwa kwa kichwa, na mkwe wangu akatoka kwa tumbo, viwiko chini, shati limejaa vumbi, wanafunzi nyuma yake wakipiga makofi. Akainua uso. Tukatazamana.

"Mayu!" alisema. Ni mama, kwa Kisukuma.

Nilijifunika khanga usoni, beseni likaniponyoka, karanga zote zikammwagikia kichwani. Nikaondoka huku mvua ikininyeshea, goti likiniuma, nisijue pa kuuweka uso wangu.

Nyumbani mume wangu Malimi aliposikia, alishika mbavu. "Wakwe wengine hupiga magoti. Wako kakusalimia kwa tumbo!" Sikucheka.

Felisita alifika alfajiri.

"Anasema harudi pale, mama. Umemwona akitambaa mbele ya watoto."

"Na mtihani wao?"

"Wiki ijayo."

"Mwambie mimi ndiye nitakayehama. Karanga nitaziuzia sokoni."

"Nilishamwambia kwamba utakubali kuhama. Akaniuliza, kwani mama alikuwa anafanya nini pale siku zote?"

Nilishika ufagio, ingawa jiko lilikuwa safi. "Ukamjibu nini?"

"Kwamba ukienda kisimani unasema limp, limp njia nzima. Mama, hata watoto wa jirani wanajua."

Aibu ya jana ilikuwa ya bahati mbaya. Hii ilikuwa yangu mwenyewe: mwanamke mzima mwenye wajukuu, anajibanza ukutani kuokota maneno ya mkwewe.

Kulipokucha nilijitwika beseni kwenda sokoni, nikapita upande wa pili wa barabara, khanga hadi kwenye nyusi. Wanafunzi walikuwa wameketi mbele ya mlango uliofungwa, madaftari mapajani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikasikia kikohozi. Niligeuka haraka kutazama shamba la pamba la kando ya barabara. Nyuma yangu kufuli lililia, mlango ukaburuta sakafu, miguu ya watoto ikaingia mbio. Nilingoja aufunge, siku zote aliufunga kwa ajili ya vumbi.

"Leo mimi naangalia ubaoni tu," alisema kwa sauti kubwa kuliko walivyohitaji wale watoto. "Sitageuka. Tunarudia ya jana."

Nilivuka barabara, nikashusha beseni, nikaketi kibarazani nikiupa mlango mgongo. Uso ulikuwa bado unaniwaka. Mlango haukufungwa.