Kihori Kitupu

Majirani zangu wa mtaa wa Musaga walipenda kuniuliza kama ni kweli nalipwa kupima mashuzi ya kondoo. Nilichoka kuwasahihisha. Kondoo anapocheua, gesi hutoka zaidi mdomoni, kwa mbweu, na gesi hiyo huzidisha joto la dunia. Kazi yetu kwenye kituo cha utafiti wa mifugo ilikuwa kuwachanganyia kwenye pumba unga wa majani yenye ukakasi, tuone kama gesi itapungua. Nikishasema hayo walicheka zaidi. Basi nikawa najibu, "Ndiyo, mashuzi," na kupita zangu.

Mwaka huo mume wangu alikufa. Aliugua kidogo tu, mvua zikiwa zinaanza, na kabla hazijakolea tukamzika. Sikulia. Msibani mama yake aliambiwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliambiwa nijikaze, na kwa kuwa nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, walinisifu kwamba nimejikaza vizuri. Sifa za bure kabisa. Mguu uliokufa ganzi nao haulalamiki.

Mama mkwe alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kuzika, akabaki nyumbani kwangu. Kwa mtu aliyezika mwanawe, alikuwa mtulivu mno. Jioni nilimpakulia, akachukua sahani yake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baadaye aliirudisha ikiwa tupu, imeoshwa. Mimi nilikula jikoni, nimesimama kando ya mbabula, makaa yakielekea kuzima. Nikimuuliza hali alijibu, "Niko muzuri, mutoto wangu." Nilimwamini, maana kumwamini hakukunichosha. Kilichoniudhi ni kuku wa jirani tu: kila jioni walijazana chini ya dirisha lake, nami niliwafukuza kwa matusi ambayo mjane hapaswi hata kuyajua.

Kituoni tukaanza kupima. Tulimtoa kondoo jike mmoja zizini, tukamfungia peke yake katika kibanda cha mbao na nailoni, chenye bomba la kuvuta hewa mpaka kwenye mashine. Tukampa pumba zenye unga. Mwanzoni alipiga kelele, kisha akanyamaza. Asubuhi kihori chake cha chakula kilikuwa kitupu, na gesi ilikuwa imeshuka kuliko tulivyothubutu kuomba. Siku zilizofuata ikashuka tena. Mkuu wetu, daktari wa mifugo aliyekuwa akishuka kila asubuhi kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa huko mlimani, alituagizia soda. "Dawa inafanya kazi," alisema, "na ona vile ametulia!" Nilikunywa yangu. Sikusikia utamu wala baridi.

Tulipomtoa ili tusafishe kibanda, mkuu mwenyewe aliinua nyasi za kulalia kwa uma. Chini yake kulikuwa na pumba, tabaka juu ya tabaka, zimechanganyika na kinyesi. Jike alikuwa amezimwaga kwa kwato na kuzikanyagia huko. Mkuu alichuchumaa akazishika, kisha akapapasa mbavu za jike chini ya manyoya.

"Mon Dieu. Hakukula kitu," alisema. "Kama hakule, gesi itatoka wapi? Siku zote hizi tulikuwa tunapima njaa."

Lilikuwa jambo ambalo kila mmoja wetu pale alilijua, na hakuna aliyelikumbuka: kondoo hawezi kukaa peke yake. Tukajenga kibanda cha pili ubavuni mwa cha kwanza, ukuta wa katikati ukiwa wa plastiki angavu, tukamweka mwenzake ndani. Jike alimtazama, akainamisha kichwa kwenye kihori, akala. Gesi ikapanda. Ilibaki chini ya ile ya kondoo wasiopewa unga, ila si kwa kiasi cha kununuliwa soda.

Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini, kwa hiyo jioni hiyo nilipanda Musaga kwa miguu. Nilipofika uani, kuku walikuwa tayari wamejipanga chini ya dirisha, wameinua vichwa. Nikaokota jiwe kama kawaida yangu. Halafu nikabaki nimelishika tu. Kuku wale walikuwa wanene.

Nilipika ugali na samaki wadogo wa ndagala, nikapakua sahani mbili, nikaingia nazo chumbani kwake bila kubisha. Alikuwa amekaa kitandani, mifupa ya mabega imesimama chini ya kitenge. Nilikuwa nikiishi naye nyumba moja na sikuwa nimemtazama.

"Mama, leo nakula hapa."

"Kula tu. Mi nitakula nyuma yako."

"Apana, Mama. Tukule wote."

Nilikaa kando yake, nikaanza kula. "We unakulaga umesimama," alisema. "Nakusikia pale jikoni. Nikasema, huyu hataki kuniona, juu nafanana na bwana yake."

Ilikuwa kweli. Yalikuwa macho ya mume wangu yale yale, na kidevu chake. Nilitaka kukana, badala yake nikaanza kulia, ugali ukiwa bado mdomoni, kwa kelele mbaya ambayo nadhani ilifika barabarani. Msiba uliniuma, mara ya kwanza tangu tumzike.

Hakuniambia nijikaze. Alinyoosha mkono, akamega tonge kwenye sahani yangu, akalitafuna polepole, akameza, akamega lingine. Nje kuku walingoja mpaka giza likaingia, kisha wakaenda kwao.