Mkono wa Nne wa Kinara

Juzi mjukuu wangu, anayepamba harusi hapa Mocímboa, kaingia na kinara cha mishumaa chenye mikono mitano, majani na maua mpaka chini. "Moda ya zamani imerudi, bibi," akaniambia. Nikakipokea. Chepesi kama kikapu kitupu, plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Vidole vyangu vikaanza vyenyewe kutafuta mkono wa nne.

Sikiliza nikwambie. Cha zamani kilikuwa na majani kama haya, ila cha fedha tupu, kizito, mali ya jirani yetu, mwanamke ambaye akikusema leo, wiki nzima hutoki nje. Kila harusi ya mtaa kilikaa chumbani kwa biharusi. Siku anaolewa shangazi, bibi yangu akakiazima kwa jina lake mwenyewe. "Cha kuazima kina macho," akanionya, akanipa majivu na ndimu nikisugue. Mimi mtoto mjuaji, nikaona majivu yanachelewesha. Nikachukua mchanga na makumbi ya nazi, kama nasugua sufuria. Nikakaza. Mkono mmoja ukakatika.

Pilau inanukia uani, wanawake wanapiga vigelegele, mimi nampelekea bibi vipande. Alasiri jirani angekuja kukitazama, na akikuta kimevunjika, bibi asingeazimwa tena hata kijiko. Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alivua bangili yake ya fedha, ya ndoa yake, akanivuta mpaka kwa sonara. Tukakaa pale sonara akivukuta moto ayeyushe bangili iwe mkono mpya, bibi kila mara anachungulia jua. Sonara akasema majani yale ya Kizungu yatamchukua siku tatu. Yeye anajua asumini, kama za vipini vya puani.

"Weka asumini," bibi akasema.

Jirani akaja. Akapitisha kidole mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasimama. Akamtazama bibi kwenye kifundo cha mkono, pale bangili ilipoacha alama.

"Huu umechanua kuliko wenzake," akasema, akatoka.

Tangu hapo kila biharusi alitaka mkono wa asumini uelekezwe mlangoni. Kisha vita vikaja, nyumba ya jirani ikachomwa, kinara kikaondoka na walioingia. Sonara hayupo, wala bibi, aliyekufa bila kuvaa bangili nyingine.

Hiki cha mjukuu nimekigeuza mara mbili. Mikono yote mitano sawasawa. Nimemwambia kizuri. Halafu nikamwonyesha, kwa kidole, pale asumini ilipokaa.