Tasnifu Niliyomsomea Mama

Nilipochagua kuandika tasnifu yangu ya uzamili juu ya makosa na adhabu miongoni mwa walowezi wa kwanza wa Amerika, ndugu zangu hapa Brussels walinicheka. Mtu wa Likasi, kule kwetu nyumbani, walowezi wale wanamhusu nini? Nilivutiwa tu na watu waliovuka bahari kwa ajili ya Mungu wao, kisha wakaadhibiana hadharani: mlevi akishonewa herufi kwenye nguo, mchongezi akibanwa shingo na mikono kati ya mbao uwanjani, wapita njia wakimzomea.

Mama alikuwa akiishi nami mtaani Uccle. Yeye akimenya viazi jikoni, mimi nilimsomea kurasa zangu, nikizigeuza kutoka Kifaransa hadi Kiswahili chetu. Kwa kawaida alisikiliza akiendelea na kazi. Lakini nilipofika kwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wakalazimika kuungama mbele ya kanisa zima, aliacha kumenya.

"Walimusimamisha mbele ya bantu bote?"

"Ndiyo, maman."

"Na ule mwanaume?"

"Mara nyingine naye aliitwa. Ila yeye hakuwa na tumbo la kumuumbua."

Akaweka kisu mezani. "Bon. Mimi pia walinisimamisha. Ile mimba ilikuwa yako."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo. Akanieleza bila kulia, akitazama dirishani. Alisimama mbele ya madhabahu, akasema maneno aliyofundishwa na wazee wa kanisa, na alipomaliza kwaya ikaimba. Aliyeanzisha wimbo alikuwa baba yangu.

Niliiandika upya sura ile yote. Mama hamo humo kwa jina wala kwa dokezo, lakini kila sentensi niliiandika nikimwona yeye.

Siku ya kuitetea tasnifu alikuja na kitenge kipya na kilemba kirefu, akakaa nyuma kabisa. Mambo yalikwenda vizuri hadi profesa mmoja wa jopo, mzee mpole, aliponiuliza: "Lakini aliyeungama alisamehewa, akarudishwa kundini. Huoni kwamba aibu ile ilimponya?"

Jibu la vitabuni nilikuwa nalo. Nikageuka kumtazama mama. Akainua kidevu: sema.

"Namjua mwanamke aliyeungama hivyo, zama zetu hizi," nikasema. "Walimsamehe, wakamshika mkono. Tangu siku hiyo, kanisa lolote aingialo, hukaa karibu na mlango. Karani wa kanisa aliandika kwamba amepokelewa tena, akafunga kitabu. Hakumfuata nyumbani kuona kama amepona. Nyaraka zangu zote zinaishia pale pale, profesa. Ndiyo maana sithubutu kuziamini zikisema aibu iliponya."

Mzee alivua miwani. "Asante," akasema. "Sina swali jingine."

Tulitolewa nje, tukaitwa tena, na mwenyekiti akatangaza: grande distinction, yaani nimefaulu kwa alama za juu. Kabla hajamaliza, kigelegele kilipasua ukumbi. Maprofesa walishtuka, kisha wakaanza kupiga makofi, na mama hakukoma hadi pumzi ilipomwishia.

Tulikwenda moja kwa moja Matonge, mtaa wa watu wetu, kwenye saluni ya rafiki yake ndani ya Galerie d'Ixelles, ujia uliofunikwa wenye maduka pande zote. Wanawake walikuwa wamekaa na vichwa nusu vimesukwa. Mama hakungoja kiti. Akaeleza habari ya walowezi, mbao, herufi za nguoni, swali la mzee na jibu langu, akiigiza sauti zote.

"Na ule mwanamke wa ku kanisa," msusi mmoja akauliza, "ni nani?"

Nikafungua mdomo nibadilishe mazungumzo. Mama akanitangulia.

"Ni mimi!" akasema, akijipiga kifua. "Na ile mimba, muiangalie vizuri: ni huyu hapa!"

Saluni nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mtu akaongeza muziki, na mama, mkono mmoja kiunoni na mwingine umenishika mimi, akaanza kucheza kutoka mlangoni hadi katikati ya galeri.