Siku Timazi Alipojenga Viazi

Kaka yangu mkubwa ni mwashi aliyestaafu, na mtaa mzima unamwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kijichuma mwishoni ambayo waashi huitundika kuona kama ukuta umesimama wima. Jina alipewa ujanani na limemganda mpaka uzee, maana hata akiwa mgeni kwa watu, kabla hajaketi hufumba jicho moja akatazama kona ya chumba. Anaguna tu, na mwenye nyumba anaanza kuitilia shaka nyumba yake.

Tangu wifi yangu atangulie mbele za haki, Timazi aliishi peke yake katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Asubuhi mkate na chai ya rangi, mchana chai ya rangi na mkate. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, akalitoboa kwa msumari. Mimi nakaa nyumba ya pili, tumepakana ukuta, kwa hiyo nilikuwa nikimpelekea bakuli la chakula. Analirudisha nusu, limefunikwa vizuri, anasema Mungu akubariki dada, kimenishinda.

Ule mkanda ndio uliozua maneno. Binti yake ni muuguzi katika wodi ya wazee, na kila siku anapokea watu walioangukia bafuni wakiwa peke yao. Alipoliona lile tundu la msumari akasema basi, Baba anahamia kwangu. Chumba kipo, ghorofa ya nne, na mapazia ameshatundika. Timazi akajibu kwamba lile jengo analijua, ngazi zake hazilingani urefu, na yeye hawezi kufia kwenye kazi ya mtu mwingine. Walivutana wiki nzima, mimi katikati naomba kimoyomoyo. Mwishowe binti akamwambia hivi:

"Baba, Jumapili nakuja kula. Nipikie ile ya mama, viazi na soseji vya kuoka, trei nzima, nile nishibe. Ukiweza, baki na nyumba yako, sitasema tena. Ukishindwa unafunga mzigo jioni hiyo hiyo."

Timazi akakubali pale pale. Maskini, maishani mwake alikuwa hajawahi hata kuchemsha yai.

Jumamosi alikuja kwangu nimwelekeze. Nikamwambia ni kitu chepesi: viazi unavichemsha kidogo tu visipondeke, unavikata, soseji unazikaanga na vitunguu, unapanga tabaka kwa tabaka, unamwagia maziwa uliyopiga na mayai, juu jibini, ndani ya oveni mpaka juu pawe na rangi. Akauliza maziwa kwa mayai ni ndoo ngapi kwa ngapi. Nikasema unakadiria. Alinitazama kwa huruma, kama vile nimemwambia nyumba yangu ninaiegemeza kwenye upepo.

"Dada, wewe umelala salama miaka yote kwa sababu mimi sikukadiria."

Ni kweli nyumba yangu kaijenga yeye.

Jumapili nilipotoka ibadani nikapitia kwake moja kwa moja, nimebeba kitabu changu cha sala. Nikamkuta jikoni na rafiki yake wa kazini, mzee mnene aitwaye Zege, wote wawili wamevaa ovaroli. Oveni ilikuwa imesuguliwa inang'aa. Timazi akaniambia kwa fahari kwamba ametoa takataka zote, hata kijiko kizee kilichobondwa bapa alichokikuta humo ndani kimeganda mafuta. Alikuwa amekitupia kwenye kopo la misumari.

Mezani nikaona matofali. Ndugu zangu, ni viazi. Kila kimoja alikuwa amekichonga pande zote sita, na Zege alikuwa akivipima kwa rula, visivyolingana anaviweka pembeni. Vya pembeni vilikuwa vingi kuliko vya trei. Nikauliza hivi vyote vinakwenda wapi, Zege akanijibu kwa heshima, "Vifusi, shemeji." Zege hajawahi kuwa shemeji yangu, ila ananiita hivyo tangu tukiwa vijana na nimeshachoka kumkosoa.

Wakapanga safu ya kwanza. Kiungo cha safu ya chini hakikukutana na cha safu ya juu hata mahali pamoja. Katikati wakapaka vitunguu vilivyosagwa, kwa mwiko wa kujengea, mpya, bado una bei. Halafu zikaja soseji. Mimi nilidhani watazikata. Timazi akasema nondo hazikatwi vipandevipande, mzigo utabebwa na nini? Akazilaza nzimanzima kwa urefu, nyingine kwa upana, na pale zinapopishana akataka kuzifunga kwa waya wa kazini. Hapo nilisimama. Nilimwambia kaka, huyo mtoto ana meno ya kuzaliwa nayo, usimwekee waya. Wakashauriana kando, wakakubali kufunga kwa majani ya vitunguu. Zege alizifunga fundo kwa fundo, ulimi nje, na nakiri zilipendeza.

Kisha Timazi akamimina maziwa na mayai. Yakajaa upande wa dirishani mpaka ukingoni, upande wa mlangoni viazi vikabaki vikavu.

Akachukua pima maji, ule ubao wenye kichupa na povu ndani, akauweka juu ya trei. Povu likakimbilia mlangoni. Akauweka juu ya jiko, povu likakimbilia mlangoni. Akapiga magoti taratibu, akauweka sakafuni.

Sitasahau ile sura. Nimemwona akizika mke na hakuonekana vile.

"Sakafu yangu," akasema.

Nikamwambia kaka, kidogo tu hicho, tia chochote chini ya trei tuoke, mtoto yuko njiani. Hakunisikia. Alisema hawezi kupika juu ya uongo. Alisema akioka chakula hiki mahali palipopinda, hata kikiiva, kitakuwa kimeivia mahali palipopinda. Akamtuma Zege alete tindo na nyundo. Mimi nikafungua kitabu changu cha sala, nikaona herufi zinaruka, kwa maana walikuwa wameshaanza kuvunja.

Kwa hiyo binti alipofika, begi begani, alimkuta baba yake amepiga magoti kwenye vumbi anavunja sakafu ya jiko, pembeni yake shimo kama beseni, na mezani trei mbichi imefunikwa turubai. Mimi nilikuwa nimesimama na kitabu kama mchungaji kwenye maziko.

Aliweka begi chini polepole. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini.

"Baba, nguo zako ziko kabati lipi?"

Timazi akaacha nyundo. Akasema sawa, atakwenda. Mtu aliyeishi miaka yote juu ya sakafu iliyopinda asijue, hana sababu ya kubishia ghorofa ya nne. Aliongea kwa upole mpaka Zege akageukia ukutani. Binti naye hakwenda kabatini. Alikuwa amefunua turubai, anaitazama ile trei, maziwa upande mmoja.

"Kijiko cha mama kiko wapi?"

"Kijiko gani?"

"Kile bapa, cha kutegea trei. Mimi ndiye nilikuwa nakisukuma chini, upande wa dirishani, kabla hajafunga mlango wa oveni."

Timazi akageuza uso taratibu kwenye kopo la misumari.

"Mama yako alijua?"

"Tulijua wote, Baba. Yai likianguka hapa bila kuvunjika linaviringika mpaka dirishani."

"Na hakusema."

"Alisema nikikwambia utavunja jiko zima, halafu tutapikia wapi."

Tukatazama shimo, wote wanne. Zege akakohoa. Akasema yeye aliona siku ile ile wanamwaga sakafu, ila Timazi, bwana harusi wakati huo, alikuwa na furaha mno, akaona amwachie.

Timazi alikitoa kile kijiko kati ya misumari, akakifuta kwenye ovaroli, akakigeuzageuza. Kilikuwa kimebondwa kwa ustadi, unene wa ncha tofauti na unene wa mpini. Kumbe wifi yangu alikuwa akikisogeza mbele au nyuma kulingana na uzito wa chakula. Timazi akaiingiza trei ovenini, akainama, akakitia chini yake, akakisukuma kidogo kwa kidole, akaweka pima maji juu. Povu likasimama katikati. Maziwa yakarudi taratibu mpaka upande wa mlangoni.

"Alikuwa fundi," akasema, na sijamsikia akisema hivyo kwa mtu mwingine yeyote.

Akafunga oveni. Ningependa kusema kwamba baada ya hapo alipika kama watu. Hapana. Kila baada ya muda mfupi alifungua mlango na kuinyunyizia trei maziwa kwa brashi ya rangi, mpya nashukuru, akisema zege lisipomwagiliwa linapasuka. Nilimwonya joto linatoka. Akasema na nyufa je? Binti akaniwekea mkono begani, akanong'ona, mwache shangazi.

Kikaiva. Juu kilikuwa na rangi ya dhahabu na hakikuwa na ufa hata mmoja, lazima niseme ukweli. Timazi alikikata kwa mwiko wake, na kila kipande kikasimama chenyewe sahanini, pembe zote nne, soseji zikichungulia ubavuni. Tulikula tumeketi kulizunguka shimo, miguu ya kiti cha Zege ikiwa karibu kutumbukia. Binti alikula. Akamaliza. Akasogeza sahani, akaongezewa. Timazi naye, na hili ndilo nililolitazama mimi, alimaliza chake chote, akakomba sahani kwa ganda la mkate.

Binti akafuta mdomo.

"Mzigo usifunge," akasema. "Ila hii pima maji naondoka nayo."

Akaitia begini kweli, ikachomoza upande mmoja kama mkate mrefu, akaondoka nayo.

Wiki ile nilipita nikamkuta Timazi amepiga magoti jikoni anaziba lile shimo. Hakuwa na chombo cha kupimia, alilainisha kwa jicho na kiganja. Nikadhani sasa atapata nafasi ya kunyoosha walau pale. Nikachukua yai lililokuwa mezani, nikaliweka sakafuni juu ya ile sehemu kavu aliyoimaliza. Likaviringika taratibu, likapita kwenye kiraka bila kusita, likaenda mpaka dirishani.

"Liokote," akaniambia, hajainua hata kichwa. "Nina viazi leo."