Siku Mama Alipombeba Chatu

Nikisikia njuga, hata kama ni kwenye redio ya jirani, mwili hunisisimka kabla sijakumbuka ni kwa nini. Halafu naona uwanja wa mpira wa Tarime mjini, mwezi wa saba, vumbi jekundu limenijaa puani, mahindi ya kuchoma yananukia, nami niko darasa la tatu.

Kila mwaka shule zilipofungwa, pale palifanyika tamasha la ngoma za mataifa. Tulitoka Nyangoto alfajiri: baba, mama, mimi, na mdogo wangu mgongoni kwa mama. Tuliwatazama Wakurya wenzetu wakiruka juu ya viatu virefu vya mbao, litungu, kinubi chetu kikubwa, likinguruma. Wakaja wazungu waliovaa soksi ndefu, wakigonga visigino chini. Tuliwacheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukanyamaza, maana walikuwa hodari kweli.

Niwaambieni kwanza mama alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa Msukuma aliyekuja Nyangoto kuwapikia wachimba dhahabu, akaolewa na baba. Sauti yake ilikuwa ndogo hata wateja wa chai na uji aliouza mbele ya nyumba yetu walimwinamia ili wamsikie. Kwenye harusi alikaa jikoni. Kanisani alisimama nyuma, akichezesha midomo tu.

Mchana kikaingia kikundi cha Wasukuma, njuga miguuni, na sanduku la mbao. Kijana mmoja akatoa chatu mnene kama paja la mtu mzima, akaanza kucheza naye. Akateleza. Chatu akamponyoka na kuja moja kwa moja upande wetu.

Watu walikimbia wakikanyagana. Mama akamfungua mdogo wangu, akamtia mikononi mwa baba. Baba akanikamata mkono, tukatimka. Nilipogeuka, mama alikuwa amevua kandambili na anamfuata yule nyoka. Akamshika nyuma ya kichwa, akamwinua tumbo taratibu, kama unavyomwinua mtoto aliyesinzia, akamvika mabegani.

Nilidhani atamrudisha sandukuni. Mama akaanza kucheza. Ngoma na njuga zilizokuwa zimenyamaza zikaamka, naye akazunguka uwanja mzima akicheka kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilisimama mdomo wazi mpaka vumbi likaingia.

Kiongozi wa kikundi, mzee mwenye mvi, akamtazama sana usoni, wakasemezana Kisukuma. Kisha akawatangazia watu kwamba baba wa mama huyu ndiye aliyemfundisha yeye kucheza na nyoka.

Njia nzima baba alimbeba mdogo wangu, hakumrudisha mgongoni kwa mama. Nyangoto habari ilitutangulia. Ikasemwa mama anafuga nyoka wa uchawi chini ya kitanda, na ndiyo maana chai yake ilikuwa ikinunuliwa. Mabenchi yake yakabaki matupu. Baba akahamia kulala sebuleni. Hata mimi nilichungulia chini ya kile kitanda, fimbo mkononi.

Ndipo akaja bibi, mama yake baba, mwanamke ambaye hata wanaume walishusha sauti mbele yake. Tulijua amekuja kumfukuza mama. Mama akamwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti, naye akaitikia, akaketi kwenye benchi la kando ya barabara ambapo kila mpita njia angemwona. Akaomba uji. Akaunywa wote, akaomba mwingine. Kisha akamgeukia baba aliyesimama mlangoni.

"Mwanangu, nyoka alipokuja ulikimbia," alisema. "Mke wako akasimama kati ya nyoka na watoto wako. Sasa unalala sebuleni kwa sababu gani?"

Usiku huo baba alirudi chumbani. Wateja nao wakarejea mmoja mmoja, wa kwanza wakidai wamepitia tu.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza mama kwa nini hakuwahi kutuambia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Nilipofika huku waliniuliza kama najua kupika," alisema. "Nikasema najua. Hakuna aliyeuliza kingine."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilishtushwa na chatu. Chatu nilimsahau mapema. Kilichonitetemesha ni kile kicheko. Nilikuwa nimekula mkononi mwa mama maisha yangu yote, na ilibidi nyoka atoroke ndipo nikutane naye.